The Fall: Picha Zilizoipita Hadithi

The Fall, filamu ya njozi ya mwongozaji Tarsem Singh, mzaliwa wa India, ilioneshwa mara ya kwanza kwenye tamasha la Toronto mwaka 2006, lakini ikachukua hadi 2008 kufika katika majumba ya sinema ya Marekani. Wazo lake limetoka kwenye filamu ya Kibulgaria ya 1981, Yo Ho Ho. Matukio yako hospitalini Los Angeles, enzi za filamu bubu. Roy, ambaye riziki yake ni kuanguka na kuruka kwa niaba ya nyota wa sinema, ameumia, miguu haina nguvu na mpenzi amemwacha. Mgonjwa mwenzake hospitalini ni Alexandria, mtoto wa wahamiaji aliyevunjika mkono kwenye mashamba ya machungwa. Roy anamsimulia hekaya ya wanaume waliokula kiapo cha kumlipiza kisasi Gavana Odious. Nia yake ni mbaya: amzoeshe mtoto huyo utamu wa hadithi, kisha amtume kumwibia mofini ya kujiulia.

Upigaji picha ulichukua takriban miaka minne katika nchi zaidi ya 20. Tarsem alikuwa mtengenezaji wa matangazo ya biashara, na safari za kazi hiyo zilimpa nafasi ya kupiga vipande vya filamu yake, sehemu kubwa kwa fedha za mfukoni. Ndiyo maana karibu hakuna mandhari ya kompyuta. Ngazi zinazoshuka kwa mamia kwenye kisima cha kale cha Chand Baori, Rajasthan, ni ngazi kweli. Matuta mekundu ya Namibia ni mchanga kweli. Na tembo anayeogelea baharini ni tembo.

Tatizo la kupiga hivyo ni kuunga vipande. Mashujaa wanaanza safari nchi moja na kuimaliza bara jingine, bila maelezo. Mbunifu wa mavazi Eiko Ishioka ndiye aliyeshika mshono huo: kila shujaa ana umbo lake na rangi zake kali, hivyo jicho linamfuata mtu hata ardhi ikibadilika chini ya miguu yake. Uhariri nao unasaidia. Katika mpito mmoja, uso wa kasisi unayeyuka polepole na kuwa jangwa.

Lakini ufundi mkubwa zaidi uko kati ya sikio na jicho. Msimulizi ni Roy, ila picha ni za Alexandria. Roy anapomtaja "Mhindi" ana maana ya mwenyeji wa asili wa Amerika, kama wale wa filamu za kauboi, na anataja hata wigwam, kibanda chake cha kiasili. Mtoto anamjua Mhindi mmoja tu, mfanyakazi mwenza wa familia yake machungwani, kwa hiyo kwenye skrini anatokea mtu wa India mwenye kilemba. Vivyo hivyo, mavazi mazito ya wapiga eksirei yaliyomtisha hospitalini yanarudi kama deraya za askari wa Odious.

Kosa la namna hiyohiyo ndilo linaloendesha tukio bora la filamu nzima. Roy anaandika jina la dawa kwenye karatasi; Alexandria anaisoma herufi ya mwisho, E, kama tarakimu 3. Anamwaga vidonge vingine vyote na kumletea vitatu tu, tena kwa fahari ya aliyefuata maagizo. Catinca Untaru, mtoto wa Kiromania aliyeigiza nafasi hiyo, Kiingereza chake kilikuwa cha kubabaisha, na aliamini kwamba Lee Pace, mwigizaji wa Roy, hawezi kutembea kweli. Kamera iliwachungulia kupitia matundu ya pazia la kitanda, wakaachwa waongee. Kusitasita kwake hakungeweza kuandikwa na mtu.

Kasoro zinaanza pale picha inapoachana na mtoto huyo. Mashujaa wanabaki mavazi yanayotembea: kila mmoja anapewa kisa kifupi cha uchungu, kisha anapangwa kwenye mandhari kama mwanamitindo. Odious hana uzito wowote. Lililo baya zaidi ni Otta Benga, mtumwa aliyejikomboa. Jina hilo ni la Ota Benga, Mbuti wa Kongo aliyewekwa kwenye maonyesho St. Louis mwaka 1904, kisha kwenye bustani ya wanyama ya Bronx mwaka 1906, na akajiua mwaka 1916. Filamu imelichukua jina, imeacha yote liliyoyabeba. Utetezi kwamba hiyo ni njozi ya mtoto hausimami hapa, kwa sababu jina halikuchaguliwa na mtoto.



Hadithi inapata damu tena pale Roy, akiwa amekata tamaa, anapoanza kuwaua mashujaa mmojammoja huku Alexandria akimsihi aache. Vifo hivyo vinauma kwa sababu ya kilio cha mtoto. Marehemu wenyewe hawakuwahi kujulikana.

Filamu ilirejeshwa kwa nakala mpya iliyosafishwa mwaka 2024. Itazamwe kwenye skrini kubwa kwa ajili ya mandhari, ila masikio yaelekezwe kwenye kile kitanda cha hospitali, maana filamu yenyewe iko pale.