Bundi Anayenuna

Macintosh ilipoingia sokoni mwaka 1984, ilimpokea mtumiaji kwa sura. Ukiiwasha, ikajikagua na kujiona nzima, kikompyuta kidogo chenye tabasamu kilitokea katikati ya skrini. Aliyekichora ni Susan Kare, msanii aliyeanza kwa karatasi ya grafu: miraba 32 kwa 32, kila mmoja ama mweusi ama mweupe. Katika miraba hiyo 1,024 alipata tabasamu. Alipata pia uso wa huzuni, wenye alama za mkasi badala ya macho, uliotokea pale chombo cha ndani kilipoharibika.

Wengi huisifu kazi ile kwa ucheshi wake. Mimi naisifu kwa ukweli wake. Tabasamu lilikuwa na maana moja: mashine ni nzima. Huzuni nayo ilikuwa na maana moja: kuna kitu kimekufa humu ndani. Hisia ile ilikuwa taarifa.

Sasa mtazame Duo, bundi wa kijani wa Duolingo. Siku ikienda bila somo, picha yake kwenye simu hununa na arifa hukufuata hadi usiku. Mwaka 2023 uso wake kwenye aikoni uliyeyuka kama mshumaa. Februari 2025 kampuni ilitangaza kwamba amekufa, kisha ikawahimiza watumiaji wasome ili afufuke. Sura hizo hazikuwa taarifa ya hitilafu yoyote. Kilichokuwa hatarini ni hesabu: kampuni hiyo, iliyoingia soko la hisa mwaka 2021, huwaripotia wawekezaji kila robo mwaka idadi ya watu wanaoitumia kila siku. Sura ni ya bundi, lakini wasiwasi ni wa kampuni.

Utetezi upo, na una nguvu. Lugha haishiki bila mazoea. Wapo wanaojifunza Kiswahili humo, tangu kozi yake ilipofunguliwa mwaka 2017, ambao bila kusukumwa wasingevuka ngeli ya kwanza. Na mwalimu mzuri naye hununa. Tofauti ni kwamba mwalimu hununa kwa kuwa anajua umekwama wapi. Bundi huridhika hata ukirudia maneno uliyoyajua tangu mwaka jana, mradi umemaliza somo. Mfululizo wa siku 300 unapima utiifu, haupimi ufasaha.

Kwa kampuni yake huko Pittsburgh, bundi ni ndege wa hekima. Kwetu, akilia juu ya paa watu huulizana nani anaumwa. Nadhani jicho letu linamsoma Duo vizuri zaidi: ndege anayekuja usiku na kuacha hofu nyumbani, ilhali hakuna mgonjwa.

Hili linatuhusu kwa sababu vijana wa Dar es Salaam na Nairobi nao wanabuni programu za mikopo, za afya na za masomo, na wengi wanavutiwa na sura inayogusa moyo. Waichore. Ila kabla ya kuipa machozi, wajiulize kama kuna kilichoharibika kweli. Kama hakuna, anayelia ni mwenye kampuni, na mtumiaji ana haki ya kuliona hilo.