Mkono wa Chombo: Mwaloni, Kibuyu na Umbo la Ladha

Katika uhakiki wa Kiswahili tumezoea kutenga fani na maudhui, kisha kukiri, uchambuzi unapokomaa, kwamba utengano huo ni wa darasani tu, kwa kuwa utungo mzuri haukubali kisemwacho king'olewe kutoka katika namna kilivyosemwa. Mvinyo mwekundu unaweza kusomwa kwa kanuni hiyohiyo. Kwa mtazamo wa haraka zabibu ndiyo maudhui na pipa la mwaloni ndiyo fani. Kwa mtazamo wa subira mpaka huo hufutika mdomoni, na linabaki swali ambalo ndilo kiini cha makala haya: chombo kinaposhiriki kutunga kinywaji, mkono wake uonekane kwa kiasi gani?

Kaunti ya Kilifi ni mahali pazuri pa kuliuliza. Waitalia wamekuwa Malindi tangu miaka ya 1960, wakati mradi wa San Marco ulipojenga majukwaa yake ya kurushia roketi baharini karibu na Ngomeni, na satelaiti ya kwanza ikarushwa kutoka hapo mwaka 1967. Pamoja nao zilikuja meza ambazo kwazo mivinyo ya Barolo na Barbera ni vinywaji vya kawaida. Bara kidogo, Kaloleni, Rabai na Chonyi, wagema wanakwea minazi kila siku inayopambazuka. Ni mapokeo mawili ya chombo, na kila moja humulika upungufu wa kulisoma lingine peke yake.

Tuanze na pipa, maana fani yake huanza kabla mvinyo haujamiminwa. Mbao za mwaloni huanikwa nje, mvuani na juani, kwa miaka 2 au 3, hadi ukakasi wake mbichi upungue. Kisha fundi huzipinda juu ya moto, na moto huo, pamoja na kuzilainisha, huuchoma uso wa ndani kwa kiwango alichokikusudia. Joto huvunja lignini ya mti na kuzaa vanilini, ambayo ndiyo harufu ya vanila. Huvunja sukari zilizofumwa ndani ya mbao na kuacha harufu ya karameli na lozi za kukaanga. Na likizidi huacha guayakoli, yenye harufu ya moshi. Pipa lina msamiati wake tayari kabla ya tone la kwanza. Mvinyo ukishaingia, mambo mawili huenda sambamba. Pombe iliyomo huuyeyusha msamiati huo taratibu, na wakati huohuo hewa, kwa kiasi kidogo mno, hupenya katika mbao na maungio yake, ikisaidia tanini, zinazoleta ukakasi, kushikana na antosiani, yaani rangi nyekundu za ganda la zabibu. Tendo hili la pili halina harufu, nalo ndilo ninalolithamini kuliko yote: rangi hutulia, na ukakasi uliokuwa ukikwaruza ufizi hugeuka mguso mpana, laini, wenye kudumu. Wanywaji wengi husifu vanila kwa sababu inajitangaza, ilhali kazi kuu ya pipa iko kwenye ukakasi, ambapo mtu asiyejua hatafikiri kwamba kuna mti uliopita hapo.

Kwa mtu wa pwani yetu kuna jambo la kushangaza katika msamiati huo. Hata kabla ya moto, mwaloni hubeba laktoni inayonukia nazi, na mwaloni mweupe wa Marekani huwa nayo zaidi kuliko ule wa Ufaransa. Ndiyo maana mivinyo ya Rioja, Uhispania, iliyolazwa kwa desturi ndefu katika mwaloni wa Marekani, hutoa harufu ya nazi glasi inapozungushwa. Katika mwaloni huohuo mna yujenoli, kemikali ileile inayoipa karafuu ya Pemba harufu yake. Msitu wa nchi ya baridi, usioota mnazi wala mkarafuu, umetunga nazi na karafuu kwa mali yake mwenyewe. Hata hivyo anayekuna nazi kila siku hatadanganyika: nazi ya mwaloni haina mafuta wala uzito wa tui, hukaa juu, kavu, karibu zaidi na mbata iliyofunguliwa gunia. Usahihi wa aina hii ni haki yetu kama wasomaji wa ladha, na sioni sababu ya kuazima msamiati wa matunda ya Ulaya tusiyoyala wakati tunao wetu unaofika mbali zaidi.

Swali la kiasi lilipata uwanja wake mkali Piemonte, kaskazini mwa Italia. Barolo, unaotokana na zabibu ya Nebbiolo, kisheria hukomaa kwa miezi isiyopungua 38, ambapo 18 kati ya hiyo lazima iwe ndani ya mbao. Lakini sheria haitaji ukubwa wa pipa, na hapo ndipo ugomvi ulipozuka. Wazee walitumia mapipa ya maelfu ya lita, makuukuu, yaliyokwisha kutoa harufu zao zote. Vijana wa miaka ya 1980 walileta pipa jipya la Kifaransa la lita 225, na mwaka 1983 Elio Altare wa La Morra aliyakata mapipa makubwa ya babake kwa msumeno wa mnyororo. Hesabu yenyewe inaeleza kwa nini hasira ilifika hapo: umbo likiwa lilelile, kila lita iliyomo ndani ya pipa la lita 5,000 hugusa eneo la mbao linalozidi kidogo tu theluthi ya lile inaloligusa ndani ya pipa la lita 225. Kubadili pipa ni kubadili msimulizi.

Nebbiolo ina rangi hafifu, harufu ya waridi na lami, na tanini nyingi. Ikilazwa katika pipa dogo jipya hufunguka kwa vanila na kahawa, na ufunguzi huo unapendeza. Ila katikati ya mdomo sauti ya mbao na ya tunda huanza kukatizana, na tamati huwa ya mbao peke yake, ukavu unaoganda ulimini baada ya tunda kuondoka. Katika pipa kubwa mwaloni hautajwi popote, lakini bila huo tamati isingekuwa ndefu hivyo. Hukumu yangu, kwa Nebbiolo, iko upande wa wazee. Kwa Barbera ningetoa hukumu tofauti, kwani zabibu hiyo ina uchachu mwingi na tanini haba, na pipa dogo huiazima uti wa mgongo isiokuwa nao.

Ufundi huu wa moto ndani ya chombo si mgeni kwetu. Maji ya mtungi uliofukizwa ubani, na maziwa ya mursik ambayo kibuyu chake Wakalenjin hukisugua ndani kwa mkaa wa senetwet, yanafuata mantiki ileile ya kuuandaa ukuta ili kimiminika kichukue harufu yake. Mnazi wa Kilifi, yaani pombe ya utomvu wa mti wa jina hilohilo, hauendi kwa kanuni hiyo, na ndiyo maana unadai kusomwa kwa kituo.

Mgema hukwea asubuhi na jioni, kotama kiunoni. Kole changa hufungwa kwa kamba karara likiwa bado halijapasuka, kisha ncha yake hupunguzwa kila mara kwa mkato mwembamba kiasi kwamba kinachoanguka karibu hakionekani, utomvu ukidondokea ndani ya kibuyu kilichoning'inizwa. Ukitoka mtini, utomvu huo ni mtamu na hauna uchachu. Sukari yake huwa kati ya asilimia 10 na 15. Lakini ni nadra kuufikia mdomo wa mtu ukiwa hivyo, kwa sababu kibuyu kilichoupokea hakikuwa kitupu. Katika vinyweleo vya ukuta wake zimebaki hamira na bakteria za mgemo wa jana, nazo huanza kazi tone la kwanza linapotua. Ndani ya saa chache bakteria za laktiki zimeleta uchachu, hamira zimeleta pombe na gesi, na weupe ule wa maziwa tunaouona ni wingi wa viumbe hao wenyewe. Kesho yake siki inashika hatamu.

Tofauti ya kiufundi hapa ni kubwa. Mwaloni hutunga kwa mali yake, kibuyu hutunga kwa kumbukumbu. Pipa jipya ndilo lenye sauti kubwa, na baada ya mavuno 3 au 4 harufu zake huwa zimefifia. Kibuyu kipya ni bubu, na hupata sauti kadiri kinavyotumika. Muda nao umepangwa kinyume, kwani kinachofanyika kwa miezi katika ghala la Piemonte hufanyika kati ya alfajiri na magharibi hapa, na anayeagiza mtamu au mkali mangweni anachagua saa.

Mnazi wa saa nne asubuhi, uliogemwa alfajiri, hufunguka kwa utamu na harufu ya hamira na ndizi mbivu. Povu jembamba huchoma ncha ya ulimi, uchachu huja nyuma ukiukata utamu, na tamati ni fupi, safi, yenye kukumbusha maji ya dafu. Uleule saa kumi alasiri umegeuza mpangilio: uchachu umetangulia, utamu umebaki kama mwangwi, na siki husikika puani kabla ya mdomoni. Mrija wenye kichujio cha nyuzi ni sehemu ya fani hii pia. Mbali na kuzuia nyuki na vipande vya karara, hukipeleka kinywaji moja kwa moja katikati ya ulimi bila kupitia pua, hivyo mnazi husomeka kwa mguso na uchachu zaidi kuliko harufu, kinyume kabisa cha glasi pana ya Barolo, ambayo umbo lake lote limejengwa kwa ajili ya pua.

Kibuyu bado kina heshima yake katika posa na matambiko ya kaya, lakini mauzo ya kila siku yamehamia kwenye madumu ya plastiki. Sizibezi sababu za mgema: dumu ni jepesi, halivunjiki likianguka, na husafishika upesi. Lakini ukuta wake laini hauna vinyweleo vya kutunza kitu, na likioshwa kwa sabuni mnazi huanza upya kila siku kwa hamira zozote zilizokuwa karibu. Mnazi wa namna hiyo huwa na utamu na huwa na ukali, ila kile kiungo cha kati, ule uchachu unaoshikanisha pande mbili, mara nyingi naukosa. Ni kasoro ya fani, na hakuna mti mzuri wala mkono mwepesi wa kotama unaoweza kuifidia.

Msomaji mwenzangu, mezani Malindi uliza Barolo unaoletewa ulilala katika pipa la ukubwa gani. Na ukifika Kaloleni au Rabai, muulize mgema kama bado anagemea kibuyu. Akikubali, nunua kwake, mlipe anachostahili, na unywe kabla ya adhuhuri.