Kufuli na Zamu: Uhakiki wa Istilahi za Kulindia Data ya Shirika ndani ya Kompyuta

Istilahi haihukumiwi kwa kufanana kwake na neno la kigeni, bali kwa jinsi imwongozavyo msomaji asiyelijua neno hilo. Katika maneno ya nje ya kompyuta hukumu hii ni nyepesi. Mwaka 2004 ilitolewa Jambo OpenOffice, kazi ambayo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki, na baadaye Microsoft nayo ikatoa Windows yenye sura ya Kiswahili. Tafsiri hizo zilihusu yale ayaonayo mtumiaji kiooni. Akikosea maana ya neno, hasara yake ni dakika chache. Lakini ndani ya mfumo endeshi, mahali ambapo fundi huandika viendeshi, yaani programu za kuendeshea vifaa, neno lenye kupotosha huzaa kazi yenye kasoro. Miongoni mwa maneno hayo ni "kufuli".

Yafaa kwanza kulieleza jambo lenyewe. Kompyuta ya siku hizi ina prosesa kadhaa zifanyazo kazi kwa wakati mmoja juu ya kumbukumbu moja. Mathalani, makarani wawili wa ghala la karafuu wanatumia daftari moja. Wa kwanza anasoma kwamba magunia ni 7, naye anakwenda kupokea gunia jingine. Kabla hajarudi, wa pili anasoma 7 ile ile. Kila mmoja anaongeza moja, kila mmoja anaandika 8. Magunia yamekuwa 9, na daftari lasema 8. Wala hakuna karani aliyekosea hesabu. Ndivyo iwavyo katika kiendeshi cha mtandao prosesa mbili zinapoongeza hesabu moja ya vifurushi vilivyopokewa. Kosa hilo halionekani kila siku. Laweza kukaa miezi, likatokea usiku mmoja, kisha lisipatikane tena kwa kulitafuta.

Dawa yake ni kwamba kila prosesa, kabla ya kuigusa data ya shirika, ichukue kwanza alama maalumu iliyomo katika kumbukumbu. Iliyoichukua huendelea, na nyingine hungoja hata iachiliwe. Wazungumzaji wa Kiingereza waliiita alama hiyo kwa jina la kufuli, na mfasiri wa haraka hulipokea jina hilo bila ya kuuliza.

Hapa ndipo penye ila. Mtu wa Mji Mkongwe azijua vyema njia za kufungia mlango: komeo, kiwi, kitasa na kufuli. Zote zina sifa moja, kwamba humzuia hata asiyekubali kuzuiwa. Mwizi hakuulizwa maoni yake juu ya kufuli, nalo lamzuia vivyo hivyo. Alama ya kompyuta haina nguvu hiyo. Prosesa isiyoiuliza hupita moja kwa moja hadi kwenye data, ikasoma na kuandika ipendavyo, pasipo kikwazo chochote. Kinacholinda si chuma. Ni ada iliyokubaliwa na wote. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba data "imetiwa kufuli" hudhani kuwa iko salama, akaandika sehemu nyingine ya programu inayoigusa bila ya kuomba. Kosa hilo limezaliwa na neno.

Kiunguja kina mfano ulio karibu zaidi na ukweli, nao ni hodi. Mlango waweza kuwa wazi mchana kutwa, na mgeni asiingie. Hubisha hodi na kungoja. Asipojibiwa mara ya tatu huenda zake, kama ilivyo adabu ya dini. Mfumo endeshi nao una ombi la namna hiyo, ambalo mwombaji asipokubaliwa hangoji, bali huendelea na shughuli nyingine. Hata hivyo hodi haitoshi kuwa istilahi ya jambo zima. Hodi huitikiwa na mwenye nyumba, na data ya shirika haina mwenyewe. Aliyemo ndani ni mgeni kama yule aliye nje.

Neno lifaalo ni "zamu". Katika kamusi ya Johnson ya mwaka 1939, iliyojengwa juu ya kazi ya Madan aliyekuwa Unguja, zamu ina maana ya mpokezano na pia ya ulinzi: mwenye zamu ni yule ambaye wakati wake umefika, na ni yule alindaye. Maana hizo mbili ndizo zitakiwazo hapa, na ni nadra kuzikuta katika neno moja. Tena zamu ni mapatano ya watu. Aivunjaye hazuiwi na chuma, bali huharibu kazi ya wote. Na vitenzi vyake viko tayari: kungoja zamu, kushika zamu, kuachia zamu.

Faida ya pili huonekana katika kuzipambanua aina. Iko alama ambayo mngojaji wake hulala, na prosesa ikapewa kazi nyingine mpaka aamshwe. Iko nyingine ambayo mngojaji halali, bali huuliza tena na tena bila ya kupumzika, kwa kuwa ngojo lenyewe ni fupi kuliko taabu ya kulala na kuamka. Jina la Kiingereza la hii ya pili likifasiriwa neno kwa neno hutoa "kufuli la kuzunguka", maneno yasiyomfahamisha mtu chochote. Kiswahili chaweza kusema "zamu ya kulala" na "zamu ya kukesha", na sharti kubwa la fundi likatoka ndani ya jina lenyewe: mwenye kushika zamu ya kukesha haruhusiwi kulala. Akilala, wote wamngojao watakesha bure.

Vivyo hivyo katika habari ya makatizo. Kifaa chenye haja huikatiza prosesa ili kihudumiwe. Iwapo prosesa imekwisha kushika zamu ya kukesha, na mhudumu wa katizo akaomba zamu ile ile katika prosesa hiyo hiyo, atamngoja mtu ambaye hawezi kuendelea mpaka yeye mwenyewe aondoke. Kazi imekwama. Kwa hiyo huyaziba makatizo ya prosesa yake kwanza, ndipo huishika zamu. Akiisha kuiachia, huyazibua.

Yaweza kupingwa kwamba zamu huashiria utaratibu wa aliyetangulia kuja, na kwamba alama hizi zilimpa ye yote aliyewahi kunyakua. Pingamizi hii ina uzito. Lakini katika Linux, mwaka 2008, zamu ya kukesha ilianza kutolewa kwa namba, kama watu wangojao kwa mganga, kwa sababu ilionekana kwamba mnyonge aweza kungoja pasipo mwisho. Zipo aina ambazo bado humwachia apitaye awahi. Hizo zaweza kuelezwa kwa sifa ya ziada. Mabadiliko hayo yenyewe yaonyesha kwamba mafundi walikuwa wakiielekea maana ya zamu kabla ya kulijua neno.

Pingamizi ya pili ni kwamba kufuli limekwisha kuzoeleka. Limezoeleka kiooni mwa simu, ambako kweli humzuia asiye na namba ya siri, na huko libaki. Ndani ya kiini cha mfumo endeshi mazoea hayo ndiyo hatari.

Wahenga walisema kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama. Linux ilipoanza kukubali prosesa nyingi katika toleo la 2.0 la mwaka 1996, ilifuata usia huo: zamu moja kubwa kwa kiini chote, nahodha mmoja kwa wakati mmoja. Njia hiyo ilikuwa salama na nzito, ikavunjwa kidogo kidogo hata ikaondolewa mwaka 2011. Manahodha sasa ni wengi kwa lazima, na usalama wao umo katika mapatano.

Kiunguja kilichaguliwa katika mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu. Heshima hiyo si ya kuhifadhiwa kama mlango wa nakshi, utazamwao na wageni wala usifunguliwe. BAKIZA na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, kilichonacho pamoja walimu wa lugha na walimu wa kompyuta, vina nafasi ya kulipima pendekezo hili mbele ya wanafunzi wenyewe: wapewe somo moja kwa maneno mawili, ikaonekane ni darasa lipi litakalopoteza magunia machache zaidi.