Cortez Juu ya Mlima: Madokezo katika Soneti ya Keats

Shairi linalosifu kusoma lina mtihani wake. Mtunzi hawezi kueleza utamu wa vitabu bila ya kuvigusa vitabu vyenyewe, na kila anapokidokeza kimoja, msomaji asiyekijua hujiona amesimama nje ya mlango. Soneti ya John Keats kuhusu Homer wa Chapman, iliyotungwa Oktoba 1816, yaonyesha namna mlango huo unavyofunguka.

Kisa chake ni mashuhuri. Keats, kijana wa miaka 20, alikesha na rafikiye Charles Cowden Clarke wakizisoma tenzi za Homer, mshairi wa kale wa Uyunani, katika tafsiri ya Kiingereza ya George Chapman iliyokusanywa mwaka 1616. Alfajiri Keats alirejea kwake, na ilipofika saa nne asubuhi shairi lilikuwa mezani pa Clarke. Keats hakujua Kiyunani. Alimfikia Homer kwa mkono wa mtu mwingine.

Mistari minane ya mwanzo ni safari ya falme, nchi za dhahabu na visiwa vilivyo chini ya Apollo. Kwa kuwa Apollo ni mungu wa ushairi katika imani ya Wayunani wa kale, visiwa hivyo ni kazi za washairi, na msafiri ni msomaji. Mistari sita ya mwisho ina mifano miwili. Wa kwanza ni mtazama nyota anayeiona sayari mpya, dokezo la Uranus, aliyoigundua William Herschel mwaka 1781. Wa pili ni Cortez, amesimama kimya na watu wake juu ya mlima wa Darien, Panama, akiikodolea macho Bahari ya Pasifiki.

Hapo ndipo wahakiki waliposhika. Mzungu aliyeiona bahari hiyo kutokea Darien, mwaka 1513, ni Balboa. Wengi wamelihesabu jina la Cortez kuwa kosa la kumbukumbu. Mwaka 2002 Charles Rzepka alitetea kwamba liliwekwa kwa makusudi: Cortez alitanguliwa na mwingine, kama Keats alivyotanguliwa na Chapman.

Liwe kosa au kusudi, madokezo yote mawili yasema neno moja. Uranus ilikuwapo kabla ya Herschel, na Pasifiki ilikuwa na wenyeji wake kabla ya Mhispania yeyote. Kilicho kipya ni jicho la anayefika. Ndivyo alivyo msomaji mbele ya kitabu cha kale.

Kwa watu wa Pwani hali hii si ngeni. Hamziya ya Al-Busiri iliwafikia wasiojua Kiarabu kwa tafsiri ya Sayyid Aidarusi wa Pate. Nayo Al-Inkishafi humtaja Nabii Suleiman bila ya maelezo marefu, kwani wasikilizaji wake walimjua tangu chuoni. Asiyemjua Apollo hakupungukiwa akili. Amelelewa na visa vingine tu.

Basi anayekutana na jina geni ndani ya shairi aulize kwanza jina hilo lafanya kazi gani pale lilipo, ndipo atafute habari zake. Wako waijuao barabara tarehe ya Balboa, na hawajapata hata siku moja kunyamazishwa na kitabu.