Ajaili si haraka, na kundi la kazi si kabila

Juma lililopita nilialikwa chai na mwanafunzi wangu wa zamani katika mkahawa mmoja mtaani Parklands, si mbali na Diamond Plaza. Siku hizi anaunda programu za kompyuta katika kampuni moja kubwa jijini. Hata kabla chai haijapoa, alinionyesha tangazo lililotafsiriwa kwa Kiswahili kwa ajili ya wafanyakazi wa matawi. Sentensi moja ilinikwama kooni: kila mfanyakazi angejulishwa kabila lake ifikapo Ijumaa.

"Mwalimu, usicheke," akaniambia. "Kuna watu walipiga simu kuuliza kama wanafutwa kazi."

Sikucheka. Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Mwaka 2008 Bunge likapitisha sheria iliyounda Tume ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa. Katika nchi yenye historia hiyo, kumwambia mtu kwamba mkubwa atamtajia kabila lake Ijumaa si kosa dogo la tafsiri.

Hebu tulitafute kosa hili lilikotoka. Mnamo Februari 2001, wataalamu 17 wa programu walikutana Snowbird, jimbo la Utah, Marekani, wakaandika tamko fupi kuhusu namna bora ya kufanya kazi yao. Ndiyo asili ya jina hili wafanyakazi wa Nairobi wanalolitamka "ajaili". Mwaka 2012, Henrik Kniberg na Anders Ivarsson wakaeleza jinsi Spotify, kampuni ya muziki ya Uswidi, ilivyojipanga: vikosi vidogo vya kazi, na vikosi kadhaa vikiunda kundi kubwa lililopewa jina la Kiingereza lenye maana ya kabila. Benki ya ING ya Uholanzi ikafuata mtindo wa aina hiyo mwaka 2015. Nasi pia hatukuachwa nyuma. Safaricom, yenye makao makuu katika Barabara ya Waiyaki, ni miongoni mwa kampuni kubwa za hapa zilizoukumbatia mfumo wa ajaili miaka ya karibuni.

Huko Stockholm, jina hilo pengine lilikuwa utani wa ofisini. Hapa kwetu kuna watu waliosimamishwa barabarani wakadaiwa kitambulisho ili jina lao la ukoo lisomwe. Mtafsiri wa tangazo lile alitafsiri neno, hakutafsiri kazi ya neno. Angejiuliza kwanza: kundi hili lafanya nini? Jibu ni kwamba linawakusanya watu wa idara mbalimbali wanaohudumia haja moja. Kiswahili kina neno la watu wa asili tofauti wanaoishi pamoja: mtaa. Papa hapa Parklands, Mhindi, Msomali, Mkikuyu na Mluo wanatumia barabara moja, na stima zikipotea, zinapotea kwao wote. Mfanyakazi akiambiwa atajulishwa mtaa wake wa kazi, hatashtuka. Na "kikosi" hakina taabu. Kila shabiki wa Gor Mahia analielewa.

Kuna neno jingine. Wanaajaili huigawa kazi katika vipindi vifupi, vya wiki mbili kwa mfano, na kila kipindi huisha kwa kuonyesha kilichokamilika. Kiingereza hukiita kwa jina la mbio fupi za riadha, na kampuni zetu zimelimeza jina hilo zimazima. Ndipo linapozuka swali ambalo mwanafunzi wangu anaulizwa kila siku: je, ajaili ni kufanya kazi haraka? Jina lenyewe linadanganya. Wakulima wa Kiswahili wana "ngwe", kipande cha shamba alichopimiwa mtu alime. Ukimaliza ngwe yako, inaonekana. Hujaimaliza, inaonekana pia. Halafu unapimiwa nyingine. Ngwe haikuhimizi ukimbie, inakutaka umalize. Ajaili ni wepesi, na mwepesi ni yule anayeweza kugeuka akiona njia imefungwa. Mwenye haraka huigonga.

Swali la pili: eti mipango na maandishi sasa vimepigwa marufuku? La hasha. Tamko la 2001 linasema programu inayofanya kazi ina thamani zaidi kuliko rundo la nyaraka, na kuitikia mabadiliko kunapita kuung'ang'ania mpango. Lakini waandishi wake walikiri kwamba hayo mengine nayo yana thamani. "Zaidi ya" si "badala ya". Mwanafunzi wa darasa la nane anajua tofauti hiyo. Wakurugenzi kadhaa wameisahau.

Swali la tatu ndilo zito: mbona kampuni kubwa zinabadilisha majina yote na kazi inabaki ileile? Kwa sababu kikosi chepesi kimewekwa nyuma ya lango zito. Kikosi kinamaliza ngwe yake kwa wiki mbili, kisha kinasubiri miezi mitatu kamati ya ununuzi iketi. Bajeti ni ya mwaka mzima, haiguswi. Mwanafunzi wangu anahudhuria kila asubuhi kile wanachokiita "kikao cha kusimama". Neno lenyewe linajipinga, maana kikao kinatokana na kukaa! Nilimpendekezea "mkutano wa wima". Akasema shida yao si jina. Mkutano ule ulikusudiwa wenzi waambiane palipokwama. Sasa kila mtu anamripotia meneja, na meneja ndiye pekee aliyeketi.

Yako mambo tuliyoyafanya vizuri bila msamiati huu. Mwaka 2005 M-Pesa ilianza kujaribiwa Nairobi na Thika kwa wateja wachache wa shirika la mikopo midogo la Faulu. Nia ilikuwa wakopaji walipe mikopo yao kwa simu. Watu wakaanza kuitumia kwa mengine, wakitumiana pesa wao kwa wao. Waundaji hawakuwakemea. Waliwasikiliza, na Machi 2007 huduma ikazinduliwa kama njia ya kutuma pesa nyumbani. Mpango wa awali uliwekwa kando kwa sababu mteja alionyesha haja nyingine.

Ndiyo maana silaumu ajaili yenyewe. Ninalaumu tabia ya kununua majina na kudhani tumenunua mwenendo. Ushauri wangu kwa kampuni ni mmoja: kabla ya kuwagawa watu, andikeni ukurasa mmoja wa Kiswahili, kisha mpeni bawabu langoni asome na aeleze alichoelewa. Akishindwa, huenda hata nyinyi hamjaelewa.

Nilimuuliza mwanafunzi wangu kama tangazo lile lilirekebishwa.

"Bado, Mwalimu. Sote tuliliona kosa. Lakini lilitoka kwa mkubwa, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kumwambia."