Geuza Sahani Kwanza: Mwongozo wa Kutambua Kauri ya Kale ya Kijapani

Katika soko la Busia, upande wowote wa mpaka wa Kenya na Uganda, muuzaji wa vyombo vya zamani hukuonyesha sahani kwa uso wake. Huifuta vumbi, huiinua ili jua lipige kwenye dhahabu na maua mekundu, kisha hutaja umri: miaka mia mbili, mia tatu, ya Wachina, ya Wajapani, ya Waarabu. Mwache amalize. Kisha mwombe kwa adabu akuruhusu uigeuze. Uso wa sahani huigwa na kila mtu kwa sababu ndio unaotazamwa na kila mtu. Kitako hakina wa kukitazama, kwa hiyo mwigaji hukifanyia haraka, na hapo ndipo anapokamatwa.

Akina mama wa Molo na vijiji vingine vya Tororo hawaanzi somo hili mikono mitupu. Anayenunua chungu cha pombe ya ajon hukigonga kwa kifundo cha kidole, hupitisha kiganja ndani, hukipima uzito, halafu hukipindua aone kama moto ulikifika sawasawa. Kauri inataka mikono hiyohiyo. Tofauti iko kwenye malighafi na moto: chungu huchomwa kwa kuni na nyasi mahali pa wazi, na udongo wake hubaki na vitundu vinavyofyonza maji. Kauri ya Japani hutengenezwa kwa jiwe lililosagwa, ikachomwa katika tanuri lililofika karibu nyuzi 1,300 za selsiasi, hata mwili wake wote ukakaribia kuwa kioo. Gusa kwa ncha ya ulimi sehemu ya kitako isiyopakwa kitu. Udongo wa kawaida utaunata ulimi, kauri haitaunata. Ishike pia mbele ya tochi ya simu, kivuli cha kidole chako kiwe upande wa pili. Kauri nyembamba hupitisha mwanga. Sahani ya udongo mweupe, hata ikiwa nzuri namna gani, haipitishi.

Majaribio hayo mawili yatakuondolea nusu ya madai ya sokoni, hasa pwani, ambako mabakuli ya Maastricht, Uholanzi, yaliyoletwa kwa wingi katika karne ya 19, bado huuzwa kwa jina la Uchina.

Sasa historia kidogo, maana bila hiyo macho hayajui yanatafuta nini. Wajapani walianza kutengeneza kauri katika miaka ya 1610, mjini Arita, kisiwa cha Kyushu. Vita vya kuivamia Korea, kati ya 1592 na 1598, vilikuwa vimewaletea wafinyanzi wa Kikorea, wengi wao wakiwa mateka, na mapokeo humtaja mmoja wao, Yi Sam-pyeong, kuwa ndiye aliyetambua jiwe la kufaa pale Izumiyama. Vyombo vilipakiwa katika bandari ya jirani, Imari, ndiyo maana dunia huviita Imari ingawa vilichomwa Arita. Dola ya Ming ilipoanguka mwaka 1644, matanuri ya Jingdezhen nchini Uchina yaliyumba, na kampuni ya Waholanzi ya India ya Mashariki, iliyokuwa imewekwa kwenye kisiwa cha Deshima huko Nagasaki, ikageukia Arita. Oda kubwa ya kwanza ilitolewa mwaka 1659, na sehemu yake kubwa ilikuwa ya Mocha, bandari ya kahawa ya Yemen. Hivyo kauri ya Kijapani iliingia katika bahari yetu mapema.

Lakini iliingia ikiwa chache mbele ya ile ya Kichina. Mabakuli yaliyopachikwa kwenye kaburi la mnara la Mambrui, sahani zilizopamba makaburi ya Kunduchi, vyombo vilivyopangwa kwenye zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, za nyumba za Lamu na Pate: hizo kwa sehemu kubwa ni kazi za Uchina. Mtu akikuletea bakuli la pwani na kusema ni la Kijapani la karne ya 17, anza na dhana kwamba ni la Kichina, umwachie kitako akupinge.

Huku kwetu mpakani njia ilikuwa nyingine. Mikataba ya Bonde la Kongo, iliyotokana na Mkutano wa Berlin wa 1885, iliwanyima Waingereza nafasi ya kupendelea bidhaa zao kwa ushuru, na Japani ikautumia mwanya huo vilivyo. Kampuni ya meli ya Osaka Shosen Kaisha ilifungua safari za kawaida za Afrika Mashariki mwaka 1926, na reli iliyotoka Mombasa kupitia Tororo ilifika Kampala mwaka 1931. Mzigo wa Kobe uliweza kushuka melini na kufika hadi duka la hapa bila kuondoka kwenye reli. Kwa hiyo kauri ya Kijapani utakayoikuta kwenye kabati la bibi wa Molo, yaelekea ni ya karne ya 20. Hilo haliiondolei thamani. Linaondoa tu ile hadithi ya miaka mia tatu.

Turudi kwenye kitako, na hapa sitaharakisha.

Tazama ule ukingo wa mviringo unaokalia meza. Kwenye kazi ya kale ya Arita huwa haukupakwa utando wa kioo, na mahali utando unapokoma mara nyingi pana mstari mwembamba wa rangi ya kutu, uliotokana na chuma kilichomo katika udongo. Mstari huo haulingani: hapa umekolea, pale umepotea. Waigaji huupaka kwa brashi, ukawa na upana mmoja kuzunguka sahani nzima. Pitisha kucha. Ukingo uliosuguliwa na meza kwa vizazi ni laini, tena laini zaidi upande mmoja kuliko mwingine, na mikwaruzo yake huenda kila upande. Uliozeeshwa kwa msasa wiki iliyopita una mikwaruzo inayofuatana kwa mwelekeo mmoja. Uchafu nao una tabia yake. Wa kweli hukaa ndani ya vitundu na hautoki kwa urahisi. Wa chai au wa dawa hulala juu na kuacha rangi kwenye pamba yenye maji.

Ndani ya mviringo huo tafuta vikovu vidogo, vitatu, vinne au vitano, kila kimoja upana wa milimita mbili tatu. Sahani pana za Arita zilielekea kulegea katikati zikiwa motoni, basi mafundi waliziegemeza juu ya vijiguu vya udongo, na baada ya kuchoma wakavivunja. Wachina wa Jingdezhen hawakuwa na desturi hiyo. Kwangu hakuna alama inayopendeza kuliko vikovu hivi, kwa sababu hakuna aliyevitia ili vionekane. Ila usikihukumu kikombe au bakuli dogo kwa kukosa vikovu. Vyombo vidogo havikulegea, havikuhitaji kuegemezwa.

Kisha rangi ya buluu. Kobalti ya zamani ilikuwa ya asili, haikusafishwa sana, na buluu yake ina ukijivu, imetulia. Mwaka 1870 Mjerumani Gottfried Wagener alifundisha Arita matumizi ya kobalti ya kiwandani, na baada ya hapo buluu ikawa kali, sawasawa, wakati mwingine ikielekea zambarau. Macho yakizoea, tofauti hiyo utaiona kutoka ng'ambo ya chumba. Kwa karibu, chukua kioo cha kukuzia utazame jani moja tu la ua. Mchoraji wa mkono alichora mzingo kwanza, halafu akajaza kwa brashi nene iliyolowa, na rangi ikatuama pale brashi ilipoinuliwa. Kwenye kazi ya karatasi iliyotobolewa, iliyoenea mwishoni mwa karne ya 19, mistari hukatika katika sehemu zilezile kila ua linaporudi. Na kwenye kazi ya kuchapa kwa bamba la shaba, tembeza macho ukingoni mwa bakuli hadi uone mahali karatasi mbili zilipokutana: tawi linafika pale na kukatwa, au nusu ya ndege inaendelea na nusu ya wingu. Nayapenda mabakuli hayo ya kuchapwa, ni kazi halisi za wakati wao. Ila mtu asiyauze kwa bei ya kazi ya mkono.

Maandishi chini ya chombo ndiyo yanayowadanganya watu zaidi. Herufi sita za Kichina zinazotaja enzi ya Chenghua ya dola ya Ming, yaani karne ya 15, ziliandikwa na mafundi wa Arita wenyewe kwenye vyombo vyao, kwa heshima ya kazi ya zamani. Hazitaji tarehe ya kutengenezwa. Vyombo vingi vizuri vya kale havina alama yoyote. Maneno ya herufi za Kilatini ndiyo yanayosaidia kupima umri. Sheria ya ushuru ya Marekani ya 1890 ilidai bidhaa ziandikwe nchi zilikotoka, hivyo vyombo vilivyokwenda huko vikaandikwa Nippon kuanzia 1891. Mwaka 1921 Wamarekani walitaka liandikwe Japan. Ukiona Occupied Japan, uko kati ya 1945 na 1952. Anayekuuzia sahani ya miaka mia tatu yenye neno Japan amejikana kwa mkono wake mwenyewe. Alama ya Nippon nayo huigwa siku hizi, basi irudishe kwenye majaribio ya kitako kabla ya kuiamini.

Kuna kikombe kimoja cha aina ambayo wengi wameiona: chembamba sana, joka la rangi ya kijivu limeinuka juu ya ngozi yake, na chini pamegongwa Japan kwa wino mwekundu. Kunywa chai yako yote, kisha ukiinue mbele ya dirisha. Kwenye kitako utaona uso wa mwanamke, nywele zimefungwa, shingo imeinama kidogo. Hakuna rangi hapo. Fundi amepunguza unene mahali pa mashavu na kuuacha mahali pa nywele, na mwanga ukamaliza kazi. Ni kikombe cha karne ya 20, kilitengenezwa kwa maelfu ili kiuzwe. Ukiuchunguza uso huo, uone kama mistari ya macho imekatika vizuri au imefifia kwa kalibu iliyochakaa, umeanza kupima ubora, jambo lililo tofauti na kupima umri. Bakuli la Hasami la karne ya 18, lililochorwa haraka kwa ajili ya wali wa mtu wa kawaida, laweza kuwa la kale na mchoro wake ukawa hafifu. Sahani ya juzi yaweza kuchorwa na mkono uliotulia. Kazi bora za mtindo wa Kakiemon hutambulika kwa weupe wake wa maziwa na kwa nafasi kubwa iliyoachwa tupu. Fundi mdogo huogopa nafasi tupu, akaijaza maua.

Mwisho kagua maradhi. Gonga ukingo taratibu: mlio unaodumu una maana chombo ni kizima, mlio mfupi una maana kuna ufa. Mlio hausemi lolote kuhusu umri. Kwa viraka vilivyopakwa rangi, azima ile taa ya urujuanimno ambayo wabadilisha fedha huitumia kukagua noti. Gizani, kiraka hung'aa tofauti na kauri iliyokizunguka. Usisafishe chombo kwa jiki wala kwa sufi ya chuma. Dhahabu ya Imari imekaa juu ya utando wa kioo na hutoka haraka.

Na kama majaribio yote yamekubali, usivuke nacho Busia wala Malaba kwanza. Sheria ya Makumbusho na Urithi ya Kenya ya 2006 hukiita kitu cha kale chombo chochote kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895, na kukitoa bila kibali ni kosa. Piga picha ya uso, ya kitako na ya ukingo kwa mwanga wa mchana, weka rula kando, kisha upeleke picha hizo Makumbusho ya Kisumu ikiwa chombo kiko Kenya, au Makumbusho ya Uganda pale Kitante, Kampala, ikiwa kiko upande wa Tororo. Chombo chenyewe kibaki kabatini hadi upate jibu.