Sahani Iliyosimama Wima: Hoja ya HD 98800

Mfumo wa HD 98800 una nyota nne changa, zenye umri wa miaka milioni kumi hivi, nao uko umbali wa karibu miaka ya nuru 150 kutoka kwetu. Nyota hizo ni jozi mbili, na jozi moja, B, imezungukwa na sahani ya gesi na vumbi. Mwaka 2019 mwanaastronomia Grant Kennedy na wenzake walitangaza kwamba sahani hiyo imesimama wima dhidi ya bapa la obiti ya nyota zake. Ni dai zito, na uzito wake haubebwi na picha peke yake. Darubini za ALMA, jangwani Atacama nchini Chile, zilionyesha pete ya vumbi inayoanzia mara 2.5 ya umbali wa Dunia na Jua na kuishia mara 4.6. Umbo lake la duaradufu lilitoa kiasi cha mwinamo, na mawimbi ya kaboni monoksaidi yakaonyesha upande upi wa gesi unatujia na upi unatukimbia. Lakini sinia lililoinamishwa, likitazamwa kutoka mbali mno, halisemi ukingo upi uko karibu na mtazamaji. Kwa hiyo, obiti ya nyota hizo, iliyokwisha kupimwa zamani, ilipolinganishwa na sahani, yalipatikana majibu mawili: pembe ya digrii 48, au 92.

Hapo ndipo fizikia ilipoamua. Nyota hizi huzungukana kwa siku 315 katika obiti iliyorefuka sana, na mvutano wao haukubali sahani ibaki imeinama nusunusu. Sahani ya digrii 48 ingeyumba na kupindika, kisha msuguano wa gesi ungeisukuma ilale sambamba na obiti au isimame wima, kwa muda mfupi mno ukilinganisha na umri wa nyota. Kuikuta katikati ya safari hiyo kungekuwa bahati ya ajabu.

Mwenye shaka atasema huku ni kuzunguka mduara: nadharia ilitabiri sahani wima, kisha nadharia hiyohiyo ikatumika kuchagua jibu la wima. Pingamizi hilo lingetosha kama pembe ingekuwa ushahidi pekee. Ila kuna ukingo wa ndani. Jozi ya nyota hufagia gesi iliyo karibu nayo, na hufagia mbali zaidi sahani inapolala karibu na bapa la obiti. Gesi ya HD 98800 B inafika hadi mara 1.6 tu ya umbali wa Dunia na Jua, na mahesabu yaliyofuata yalionyesha kwamba sahani ya digrii 48 ingeishia mbali zaidi ya hapo. Kipimo hiki hakikutokana na uchaguzi wa pembe, ingawa kukifasiri bado kunahitaji modeli. Jaribio jingine limo katika mwendo wa nyota zenyewe: jozi ya pili, A, ilitabiriwa kupita nyuma ya sahani ya B mnamo 2026, na mwanga wake, ukififia na kurudi, ungepima vumbi lilivyosambaa pale ambapo ALMA haioni vizuri.